Kidole cha Mbonea

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mna viazi vya moto mdomoni. Tuache. Kusimulia kama ninavyosimulia mimi hamtaweza, basi walau kaeni kimya.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi zenu walikuwa hawajaota meno, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji kilikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mlima. Kutoka kwenye ndiva mfereji uliteremka shamba hadi shamba, na kila mtu alikuwa na siku yake ya kumwagilia. Ukikosa siku yako, mahindi yako unayaaga.

Kijiji kilikuwa pia na Bibi Nakijwa. Alikuwa na jino moja na Biblia moja, na vyote viwili alivitumia kila siku. Alisoma huku anamenya maharage, kurasa zikanukia moshi. Akisoma asubuhi habari ya kukaribisha wageni, mchana yuko njiani anatafuta mgeni. Akimkosa, anamkamata mchuuzi wa chumvi na kumlisha mpaka aombe huruma.

Watu wengine hawakuwa na subira hiyo. Wao walipiga kidole. Unafumba macho, unafungua Kitabu, unatia kidole, chubwi. Mstari uliopatikana ndio jibu lako. Kuna mama mmoja kidole chake kiliangukia kwenye majina, fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Mwaka ule ule akajifungua mapacha. Nani angebisha tena? Kidole kikapata sifa kuliko mchungaji.

Sasa, palikuwa na Mbonea. Mkulima hodari, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Siku moja, watu wote wakiwa ndivani, alisema hivi: "Jembe la jirani yangu Kajiru ni jipya tangu enzi za babu yake. Anaogopa lisichafuke." Watu wakacheka. Kajiru hakucheka.

Haikupita wiki, mvua ndogo ikanyesha na kingo za shamba la Kajiru zikaporomoka, puu, zikaziba mfereji unaokwenda kwa Mbonea. Mbonea akachukua jembe aende kuzibua. Kajiru akamsimamisha mpakani.

"Mguu wako hautakanyaga hapa," akasema, "mpaka mdomo wako utangulie."

Maana yake aombe radhi. Mbonea aombe radhi? Akarudi nyumbani kavimba. Zamu yake ya maji ilikuwa Alhamisi, na mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Bila maji ya Alhamisi, angevuna mabua.

Jumatatu akapiga kidole. Chubwi. Kikaangukia pale wana wa Israeli wamefika baharini, adui nyuma, maji mbele, na Musa anawaambia wasiogope, wasimame tu, wauone wokovu wa Bwana.

Mbonea alifurahi mpaka akala mara mbili. Akatoa kigoda uani, akakaa.

Jumanne jua likawaka, Mbonea akakaa. Jumatano majani ya mahindi yakajikunja, Mbonea akakaa. Mkewe, Naamini, akapita na mtungi.

"Baba Sifueli, Kitabu kimesema msimame. Wewe umekaa."

"Nimesimama moyoni."

"Haya. Na sisi tutakula moyoni."

Naamini akatua mtungi, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Nakijwa.

Alhamisi asubuhi pembe ikalia ndivani, puuuu. Maji yakafunguliwa kwa wenye zamu. Bibi Nakijwa akatokea na fimbo yake, ko, ko, ko. Hakugomba. Akavuta kigoda kingine, akakaa kando ya Mbonea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tunangoja nini?"

"Wokovu."

"Vizuri. Wakati tunangoja, nisomee ulipotia kidole. Macho yangu yamechoka."

Mbonea akasoma kwa madaha, kisha akafunga Kitabu.

"Endelea," akasema bibi.

"Imeisha, bibi."

"Kitabu hakijaisha. Umeishiwa wewe. Endelea."

Mbonea akafungua tena. Akasoma mstari uliofuata. Akasoma na wa baada yake, sauti ikaanza kupungua kama maji ya mtungi uliotoboka. Maana hapo Mungu anamuuliza Musa mbona unanililia mimi, waambie watu waende mbele.

Mbonea akakilaza Kitabu magotini.

"Mjumbe akija kwako," akasema bibi, "ukaondoka hajamaliza kusema, utakuwa umetumwa wapi?"

Mbonea akatazama chini. "Mbele ni wapi, bibi? Wao mbele yao palikuwa na bahari."

"Wewe mbele yako pana Kajiru."

"Afadhali bahari."

"Wao walipewa bahari, wewe umepewa Kajiru. Nyanyuka, jua halikungoji."

Mbonea akanyanyuka. Magoti yalilia ka, ka. Akafika mpakani, akamkuta Kajiru anapalilia.

"Mdomo umekuja," akasema Mbonea.

"Nausikiliza."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikukosea."

"Ulinikosea mbele ya kijiji kizima," akasema Kajiru. "Sasa unanitaka radhi mbele ya mbuzi wangu?"

Mbonea akapanda juu ya lile rundo la udongo ulioziba mfereji. Bonde zima watu walikuwa mferejini, majembe mikononi. Akapaza sauti: "Jamani, niliyosema juu ya Kajiru ni uongo. Kajiru ni mchapakazi, na mimi ni mropokaji."

"Hilo la pili tunalijua," mtu akajibu kutoka ng'ambo. Bonde likacheka, ti-hi-ti-hi, na safari hii Kajiru naye akacheka. Akachukua jembe lake, akaanza kuchimba kabla ya Mbonea.

Wakachimba, puku, puku, puku. Mchana ukapita. Jua likainama. Mara tope likalainika, mara likatetemeka, mara chururu, chururuuu, maji hayoo, yakaingia kwenye mahindi ya Mbonea.

Wale wawili wakasimama ndani ya matope, wachafu kama nguruwe wa msituni.

"Na kile kidole chako cha unabii?" akauliza Kajiru.

"Kina lengelenge," akasema Mbonea. "Kimeshinda kwenye mpini."

Haya, mmecheka, sasa mshike na neno. Neno la Mungu si la kuchota kwa kidole ukakimbia nalo. Lisome lilikotoka na linakokwenda, likikufikia miguuni, tembea.

Ngano yangu imekomea hapa. Anayedhani anaijua kunishinda, na aje mbele aseme.