Kizibo Kilichopakwa Rangi

"Taarifa ya Robo Mwaka Kuhusu Hali ya Vizibo, Skrubu na Viambatanisho Vidogo vya Chombo cha Majini cha Zahanati." Hilo, ndugu zangu, ni jina la karatasi moja. Hujazwa nakala tatu, na hajapata kuonekana mtu aliyesoma hata moja.

Basi katika kisiwa kimoja ziwani kulikuwa na fundi wa injini za boti aliyeijaza karatasi hiyo kuliko mafundi wote. Mwandiko wake mzuri, hana kufutafuta. Penye swali, "Je, oili ya gia imebadilishwa?", aliweka alama ya vema. Wilayani wakampa cheti, naye akakitundika karakanani juu ya meza ya vifaa, mahali ambapo hata mgonjwa anayepita akielekea zahanati angekiona.

Sasa, chini kabisa ya mguu wa injini ya boti hiyo ya zahanati, jirani na pangaboi, kuna kizibo kidogo cha chuma chenye mfereji mmoja kichwani wa kuingizia bisibisi. Ukikifungua, oili chafu inamwagika, unatia mpya. Kazi ya nusu saa. Mwezi wa pili fundi wetu alikuwa na haraka. Bisibisi pana haikuwepo, akachukua nyembamba. Ikateleza. Akakazana kwa hasira, ikateleza tena, mpaka mfereji ukalika wote na kichwa kikabaki laini kama kifungo cha shati. Kizibo hakikutoka.

Ninyi mngefanyaje? Yeye alitafuta brashi, akakipaka rangi. Kisha akaweka vema.

Mwezi wa tano akaweka vema. Mwezi wa nane akaweka vema.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, muuguzi wa zahanati akamfuata.

"Fundi, kesho namvusha mama mwenye mimba ya mapacha kwenda hospitali. Mmoja amekaa vibaya. Boti iko sawa?"

"Iko sawa, sista."

"Umeiangalia?"

"Sista, si unaziona karatasi zangu?"

"Naziona. Ndiyo maana sijawahi kukuuliza."

Muuguzi akaenda zake. Tusimwone fundi huyu kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angekwenda kunywa chai. Yeye alilala chali chini ya injini, akaitazama rangi aliyoipaka kwa mkono wake, masikio yakimwaka moto kana kwamba cheti kilikuwa kinamsomea kwa sauti.

Kisiwani bisibisi ya kufaa ilikuwa moja tu, ile nzito ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila ukiipiga inajichimbia chumani na kujizungusha kidogo. Ilikuwa ya mama mwenye mashine ya kusaga. Na mama huyo ndiye ambaye fundi, siku moja mbele ya watu, alimwita "fundi pumba" kwa kuthubutu kumshauri kuhusu injini. Alizunguka nyumba ya mashine mara mbili kabla ya kuingia.

"Karibu, mhandisi," mama alisema, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Umeleta mahindi au mtama?"

"Naomba bisibisi yako, mama."

"Bisibisi ya pumba?"

"Hiyo hiyo."

Mama alimtazama usoni, akaacha utani. "Simwachii mtu akaenda nayo peke yake. Twende."

Mama mwenyewe aligonga mara tatu. Ya nne, kizibo kikalegea. Kilichomwagika besenini hakikuwa oili. Kilikuwa kitu cheupe kizito, kama chai ya maziwa: maji ya ziwa yalikuwa yameshaingia na kuchanganyika na oili, na ndani yake zinameta chembe za chuma. Gia zilikuwa zinalika. Mama alikigeuza kizibo kiganjani, akakikwangua kwa ukucha.

"Rangi hii kaipaka nani?"

Fundi akainamia beseni.

"Haya," mama alisema, akifuta bisibisi yake. "Mimi nimemaliza. Muuguzi yuko kliniki mpaka saa tisa."

Angeweza kutia oili mpya, boti ikaondoka. Pengine ingefika. Pengine ingezimika katikati ya ziwa, mama wa watu ameshika tumbo. Fundi aliliwaza hilo, nisiwafiche. Kisha akaenda kliniki, akasema yote, wajawazito sita wakiwa kwenye benchi wanasikiliza.

Muuguzi hakugomba. Laiti angegomba. "Watu wote niliowapandisha mle," alisema taratibu, "niliwapandisha kwa mwandiko wako." Akavaa viatu, akateremka pwani kuwaomba wanunuzi wa samaki boti yao. Kesho yake mama wa mapacha akavuka, amekalia kreti, sato kushoto, barafu kulia. Akafika.

Boti ilipofungiwa, ikaja karatasi nyingine. Swali la kumi na nne: "Chanzo cha hitilafu. Chagua kimoja: (a) uchakavu wa kawaida, (b) hali ya hewa, (c) sababu zisizozuilika." Afisa aliyeileta alikuwa mtu wa huruma. "Weka (a), mzee," alimnong'oneza. "Wote huweka (a)."

Ndugu zangu, sisi tuliokaa humu, tunaweka nini? Ndoa imepoa: uchakavu wa kawaida. Ndugu hatuamkiani mwaka wa nne: hali ya hewa. Tunapiga magoti kuungama, na dhambi tunayoileta tumekwisha kuipiga brashi. Tena mwenye bisibisi tunamjua, na nyumba yake tunaijua. Hatuendi, kwa kuwa tulishamtukana. Aibu ya mwezi wa pili ilikuwa ya nusu saa. Tumeipaka rangi, tumeiacha, na leo kuna watu wamepanda juu yake bila kujua.

Fundi yule hakuchagua herufi. Pembeni mwa karatasi, palipochapwa "Usiandike hapa," aliandika kwa mwandiko wake ule ule mzuri, kwenye nakala zote tatu: "Kizibo nilikiharibu mimi mwezi wa pili kwa bisibisi isiyokitosha. Nikakipaka rangi. Mara tatu nimeandika kwamba oili imebadilishwa. Haikubadilishwa."