Kichwa cha Injini cha Mzee Oswini

Gasketi mpya haizibi kichwa kilichopinda. Mmemsikia baba yenu mdogo akimwambia Festo maneno hayo jana, Festo alipopita na doti ya kanga ya kumtuliza mkewe baada ya kumkosea, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha wa gereji. Si mzaha, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Mbinga, kwa jirani yangu, na chanzo chake ni hiki.

Mzee Oswini Ndunguru alikuwa mwendesha mitambo ya kukoboa kahawa katika chama cha ushirika. Alipostaafu alibaki na mkewe Eufrasia na kigari kidogo chekundu. Binti yao wa pekee, Kolumba, alikuwa ameolewa Songea. Eufrasia akaugua, akafa. Kolumba alipofika, mama yake alikuwa tayari kwenye jeneza. Mbele ya waombolezaji wote, Oswini akamwambia, "Umekuja kuzika. Kuuguza hukuja."

Kolumba alikaa hadi matanga yakaisha, akafunga mizigo yake, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Oswini akabaki peke yake. Alikuwa akipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, unaobaki anawarushia kuku. Kila msimu wa mavuno alimpelekea Kolumba mzigo kwa basi: gunia la mahindi, maharage, kahawa nzuri. Mizigo ilipokelewa. Salamu hazikurudi.

Mwaka mmoja akasikia kanisani, kwa mtu baki, kwamba mjukuu wake anapokea komunyo ya kwanza. Hakualikwa, lakini alivaa koti lake akaondoka na kigari. Kwenye mlima, injini ikachemka. Kwa haraka ya kuwahi, akaimwagia maji ya baridi ingali inafuka moshi. Ikazima kabisa. Lori la kahawa likamvuta kumrudisha nyumbani, na komunyo ikapita bila yeye.

Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akajua gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua, maji yamekutana na oili. Tukamwambia aite fundi.

"Mashine nimezifungua maisha yangu yote," akasema. "Sitaki watu uani kwangu."

Akafanya mwenyewe. Alimwaga maji, akafungua boliti, akakinyanyua kile kichwa cha injini peke yake na kukilaza juu ya mkeka. Alikisugua kikang'aa. Akaweka gasketi mpya, akarudisha kichwa, akakaza boliti kidogo kidogo akianzia katikati, kama inavyotakiwa. Gari likawaka. Lilizunguka uwanja, likaanza kutoa moshi mweupe, na maji yakachemka tena.

Akanunua gasketi nyingine. Akafungua yote, akafunga yote. Yakawa yale yale.

Siku hiyo nilimpelekea uji nikamkuta amekaa chini, mikono myeusi kwa oili, anasema na marehemu. "Mama Kolumba, nimekaza vizuri. Nimekaza vizuri kabisa." Niliuweka uji pembeni, nikaondoka.

Baadaye akakishusha kichwa kwa mara nyingine. Akachukua rula ya chuma, akaisimamisha kwa ubavu juu ya chuma kile, akainua vyote kuelekea jua. Mwanga ukapenya chini ya rula, katikati. Kichwa kilikuwa kimepinda.

Aliniambia mwenyewe, "Nilijua tangu siku ile nilipoimwagia injini maji ya baridi kule mlimani. Sikutaka kupima."

Mashine ya kusawazisha vichwa ilikuwa Songea. Akakitia kwenye gunia, akapanda basi. Fundi akamwambia akiache hadi kesho. Oswini akatoka nje ya karakana, mikono mitupu, katika mji ambamo aliijua nyumba moja tu.

Kolumba alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamkaribisha kiti, akampa maji. Oswini akaanza kusimulia habari za gari: gasketi ya kwanza, gasketi ya pili, mwanga chini ya rula. Alisimulia kirefu, kama mtu ambaye hajaongea na mtu kwa muda mrefu. Kolumba alisikiliza hadi mwisho.

"Baba," akasema, "hata mimi umeniletea gasketi nyingi."

"Gasketi gani?"

"Mahindi. Maharage. Kahawa. Kila mwaka gasketi mpya, na kila mwaka ndani kunachemka vile vile."

Oswini akaiweka bilauri chini.

"Mama yako aliniomba nikuite," akasema. "Alikuwa bado ana nguvu za kuongea. Nikamwambia asikusumbue, atapona. Sikukuita, Kolumba. Alipofariki, nikashindwa kujitazama, nikakutwisha wewe lawama."

Kolumba akapangusa unga kwenye vidole vyake.

"Alinitaja?"

"Kila siku."

Hapo ndipo Kolumba alipolia. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Basi niambie alisema nini. Yote. Usiache hata neno." Na Oswini akamwambia.

Kesho yake walikwenda karakana pamoja, wakatoka wamelishika gunia lenye kichwa kile, huyu upande huu na yule upande ule. Oswini alipokirudisha kwenye gari kwa gasketi moja tu, halikuchemka tena.

Msidhani upweke ulimtoka wote. Miaka iliyopotea haikurudi, na yule mjukuu wa komunyo alimwamkia kama mgeni kwa muda mrefu. Lakini Kolumba alianza kuja. Na ni yeye aliyekuwa akiwaambia watu, kila alipomwona mtu analeta zawadi mahali panapodai ukweli, maneno ambayo mji mzima ukayachukua: gasketi mpya haizibi kichwa kilichopinda.