Jani la Mche

Mti hautafutwi kwa jani la mche. Methali hii mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi ilianzia huku huku kwetu milimani, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Otmari Mligo alimzika binti yake wa pekee, Vumilia, mtoto wa miaka mitatu, shambani nyuma ya nyumba. Kama ilivyokuwa desturi, alipanda mche wa mkaratusi kichwani pa kaburi. Majani yake yalikuwa ya duara, rangi ya majivu. Aliyafikicha, na ile harufu kali ikamkaa moyoni. Mwezi haukuisha akaenda Tanga kukata mkonge.

Alikaa huko miaka tisa. Kila alipomkumbuka mwanawe, aliliona lile jani la duara.

Aliporudi, mkewe Imelda hakuwepo; alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Otmari hakungoja hata kunywa maji, akaenda shambani. Mvua zilikuwa zimelisawazisha kaburi, halionekani. Akalitafuta jani lake, akaliona ukingoni mwa shamba kwenye machipukizi mafupi. Alipiga magoti akalia mpaka kifua kikamuuma, kisha akapalilia pale siku tatu.

Hatua chache kando ulisimama mkaratusi mrefu, majani yake membamba, yamepinda kama mundu. Akadhani umejiotea tu. Akaukata apate nguzo za jiko jipya la mkewe. Masikini, alitaka kumfurahisha!

Imelda alirudi, akasimama mbele ya kisiki, mzigo ungali kichwani.

"Baba Vumilia, nani kaukata?"

"Mimi, nikujengee jiko. Mti wa mwanetu si ule pale? Nimeshaupalilia."

"Pale nilikata mkaratusi mwingine wa kuni mwaka jana, kisiki kikachipua." Imelda akaketi chini, mzigo ukaanguka. "Mkaratusi ukikua hubadili majani, mume wangu. Mwanetu yuko hapo uliposimama."

Otmari akatazama miguu yake, imejaa vibanzi. Alitaka kusogea, asijue asogee wapi.

Jiko halikujengwa, nguzo zilioza palepale. Mvua za kwanza ziliponyesha, kisiki kikachipua majani ya duara, rangi ya majivu, yaleyale aliyoyabeba miaka tisa. Otmari akawa anakaa kando yake kila jioni. Waliopita wakimpa pole aliwajibu maneno hayo tu, nasi tumeyarithi:

Mti hautafutwi kwa jani la mche.