Feni ya Kona ya Jiwe Refu

Kaeni vizuri, nasimulia mara moja tu. Nikimaliza nitauliza swali, na jibu la "sijui" silitaki.

Huko milimani Upare, kunakolimwa tangawizi, palikuwa na ndugu watatu. Kiangi, mkubwa, alijaliwa masikio. Akiwa jikoni alisikia panya wa darini na kujua anaelekea upande gani. Nakijwa, wa kati, alijaliwa mikono. Aligusa sufuria kwa nje akajua wali umeiva au bado. Mbonea, wa mwisho, hakuwa na cha kusifiwa, ila hakuogopa kitu. Tangu udogo ndiye aliyetumwa kuchota maji kwenye kisima cha karibu na makaburi.

Baba yao, Elieza, alikuwa na pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma. Aliteremsha nayo tangawizi hadi mjini Same, ugoro puani, feni ya kiyoyozi ikimpuliza usoni. Siku moja, kwenye kona ya Jiwe Refu, moyo wake ulisimama. Aliwahi kuegesha kando kabla roho haijatoka. Waliomkuta walisema injini ilikuwa ikiunguruma, feni ikipuliza, na ukosi wa shati lake ukitikisika kana kwamba bado anapumua.

Baada ya maziko, feni ikafa. Uliweza kuwasha swichi njia nzima, kimya. Lakini gari likiinama kwenye kona ya Jiwe Refu, feni iliamka na kupuliza kwa nguvu, na humo ndani kukanuka ugoro. Kona ikiisha, kimya tena.

Wapakiaji wakagoma. "Mama Kiangi, sisi tunapakia tangawizi. Marehemu hatupakii."

Fundi wa mjini alibadilisha fyuzi, akabadilisha na swichi, akasema gari halina tatizo. Na bila feni, ukungu wa mlimani uliziba kioo, dereva asione korongo liko wapi. Tangawizi ikaanza kuchipua ghalani.

Mama yao, Namsifu, akawaita.

"Mnataka niite mganga. Mganga atanishushia mzigo sokoni? Atakayefanya gari hili lipumue kama magari mengine, ufunguo ni wake. Wengine watafute majembe."

Kiangi akaingia kwanza. Akawafukuza kuku, akawasha swichi, akainamisha kichwa. Ndani ya dashibodi kitu kikalia *tak*. Akazima, akawasha. *Tak.*

"Umeme unatoka kwenye swichi," akasema. "Unapotelea mbele, upande wa abiria. Fundi alikuwa anatibu mguu usiouma."

Wakaenda hadi kwenye kona. Feni ikaamka, ikalala. Hapo hapo Nakijwa akapitisha vidole kwenye nyaya chini ya dashibodi, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua mchele. Akasimama kwenye waya mweusi.

"Huu una joto. Mingine yote ni baridi. Na unakoelekea, nyuma ya bati, plastiki imelainika."

"Basi ufunge," akasema Kiangi.

"Niufunge wapi, kaka? Sioni mwisho wake. Na gari likisimama hautikisiki."

Ilibidi mtu alale sakafuni, mkono ndani ya tundu, gari lipite kwenye kona huku likitembea. Kiangi akasema yeye ndiye dereva. Nakijwa akatazama kucha zake. Mbonea akavua shati, akalala.

Gari likainama. Waya ukaruka gizani, ukagusa bati, cheche ikamchoma kidole. Feni ikamfokea usoni, na ugoro ukamjaa puani kana kwamba baba kamwinamia. Mbonea hakutoa mkono. Akaukandamiza waya pale pale. Kona ikaisha, na feni ikaendelea.

"Ni nati ya kushikia waya, imelegea!" akapiga kelele. "Simamisheni, naungua!"

Wakapiga msasa ncha ya waya, wakakaza nati. Walipofungua kasha la feni wakakuta leso ya baba, imeshiba ugoro.

"Kumbe ni hii tu!" akasema Nakijwa. Wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mama akaifungia leso sandukuni, nyumbani.

Kisha wakaanza kugombana.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnanunua swichi."

"Na bila mikono yangu ungesikiliza *tak* mpaka uzeeke."

"Nyie mlijua, nani aliungua?"

"Pakieni magunia," akasema mama. "Nitaamua njiani."

Wakateremka, mama mbele na Kiangi, wadogo nyuma. Feni ilipuliza vizuri, kioo kikawa safi. Wakafika kona ya Jiwe Refu. Feni haikubadilika hata kidogo. Lakini ugoro ukanuka, mkali, mbichi.

Wakafika sokoni. Hapo Kiangi akauliza, "Nani alipiga chafya pale konani?" Hakuna aliyekuwa amepiga chafya. Nakijwa akasema kwamba aliweka mkono kwenye kiti, kati yake na Mbonea, mahali pasipokaliwa na mtu, akakuta pana joto.  Mbonea alikuwa amekaa juu ya viganja vyake ili wasione jinsi vinavyotetemeka.

Jioni mama akaweka ufunguo mezani.

"Mpe kaka, ndiye mkubwa," akasema Mbonea.

"Mpe Nakijwa, ndiye aliyeupata waya," akasema Kiangi.

"Mpeni aliyeungua," akasema Nakijwa.

Mama akawatazama. "Asubuhi mlitaka kutoana macho. Kesho kuna soko tena, na tangawizi haisubiri mwenye ujasiri."

Ufunguo uko pale mezani. Msiniambie wagawane, maana usukani hushikwa na mmoja, na atakayepewa atapita kwenye kona ile peke yake, kila siku ya soko. Mmoja alisikia, mmoja aligusa, mmoja aliungua. Je, wewe ungempa nani? Na wote wakikataa, mama akakugeukia wewe, ungenyoosha mkono?