Bi Somoe na Sauti ya Kisimani

"Mtoto kwa mamaye hakui." Ndivyo alivyosema shangazi yenu sasa hivi, bibi yenu alipotoka mbio kumfuata baba yenu na mwavuli, na mbinguni hakuna hata kipande cha wingu. Nanyi mkacheka mpaka chai ikawatoka puani. Haya, baba yenu ana miaka hamsini na mbili, nakubali, anachekesha. Lakini mmeniuliza msemo huu umetoka wapi, basi kaeni niwaambie ulivyoanza. Mimi sikuupata mbali. Mmoja wa walioaibika siku hiyo alikuwa babu yangu mzaa baba, Mchopa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akitazama chini.

Hapa Mitondooni zamani hapakuwa na maji. Wanawake walikwenda alfajiri mpaka bondeni wakarudi jua limeshakuwa kali. Ndipo wazee wakamwita Fundi Chande awachimbie kisima. Chande alikuwa mtu wa hapahapa, mrefu, ana sauti nzito ya kuamrisha na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. Visima vya nchi hii vyote vilipita mikononi mwake. Na alikuwa na mama, Bi Somoe.

Bi Somoe alizaa watoto sita, akazika wanne. Waliobaki walikuwa Chande na dada yake aliyeolewa kijiji cha pili. Yule binti alikuwa ameshakuwa bibi wa watu, lakini mama yake bado alimpelekea salamu asilale karibu na dirisha. Chande, aliyekuwa karibu, ndiye aliyepata taabu. Kila siku ya kazi Bi Somoe alijikongoja mpaka kisimani, akawaambia wavuta kamba, "Mshikilieni vizuri mwanangu, hajui kujitunza huyu." Wavuta kamba walikuwa wawili: babu yangu Mchopa na mwenzake Lihame. Walikuwa wakijiuma midomo wasicheke.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Wachimbaji wa siku zile walikuwa na mwiko wao: sauti itokayo kisimani haijibiwi. Waliamini kwamba chini kule kuna wenyewe, majini wa ardhini, na wenyewe hao huiga sauti ya mtu, wakakuita, na ukiitika tu umekwisha, unatumbukia. Kwa hiyo aliye chini hakusema neno. Alizungumza kwa kamba. Akiivuta mara moja, pandisheni ndoo ya udongo. Mara tatu, nitoeni mimi.

Basi Bi Somoe akawa anainama mdomoni mwa kisima, anaita, "Chande mwanangu, uko salama?" Na Chande, kumridhisha mama, anavuta kamba mara moja. Juu huku akina Mchopa wanadhani ndoo imejaa. Wanavuta kwa jasho kamba yote, pima kumi, ndoo inafika, tupu!

"Si tupu," Lihame akasema siku moja mbele ya watu. "Imejaa salamu za mama." Watu wakavunjika mbavu. Kuanzia hapo hata watoto wadogo wakimwona Chande njiani walimwuliza, "Fundi, mama amekuruhusu kutoka?"

Yalimkera. Jioni moja akaenda kwa mama yake, akakaa mkekani, akasema kwa adabu lakini uso ameukunja, "Mama, nakuomba usije tena kisimani. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Watu hawaniheshimu tena."

Bi Somoe akauliza, "Nimekuudhi, mwanangu?"

"Hukuniudhi, mama. Lakini niachie heshima yangu."

"Haya," akasema. "Sitakuja."

Na kweli hakwenda. Lakini nyumbani hakukukalika. Alifagia uani, akafagia tena palipokwisha fagiliwa. Siku ya tatu akachukua ungo wake, akaenda kwa jirani mmoja ambaye nyumba yake ilitazamana na kisima, akasema amekuja kumsaidia kuchambua choroko. Jirani alijua kilichomleta, akampa choroko. Bi Somoe akakaa barazani anachambua, macho kule.

Siku hiyo jua lilipokuwa utosini, udongo wa kisima ukamomonyoka. Juu haukusikika sana, mshindo tu wa chinichini kama gunia lililodondoshwa. Udongo ukamfukia Chande mpaka makwapani, ukafukia na ndoo na ncha ya kamba. Akajaribu kuivuta. Haikusogea. Mchanga unaendelea kumdondokea kidogokidogo, kifua kinabanwa. Kamba hana, mwiko anaujua. Afanye nini? Akafungua kinywa akapiga kelele.

Mchopa na Lihame wakasikia sauti kutoka chini, "Mama! Mama weee!" Wakatazamana. Babu yangu, na hii ndiyo aibu yake, akaziba masikio kwa vidole. Lihame akaanza kurudi kinyumenyume. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefundishwa hivyo tangu wadogo, na waliogopa.

Bi Somoe alikuwa ameshafika. Choroko zilimwagika baraza nzima, na miguu ile iliyokuwa ikijikongoja hakuna aliyejua ilikimbiaje.

"Mtoeni mwanangu!"

"Bibi, rudi nyuma," Lihame akamshika mkono. "Huyo siye. Angekuwa fundi angevuta kamba. Kamba haijatikisika."

"Nasema ni Chande!"

"Sauti ya fundi tunaijua, bibi," Mchopa akasema. "Ni nzito. Hii ni nyembamba, kama ya mtoto mdogo. Wanatuiga hao, wanatuvuta."

"Mchopa, mjinga wewe!" Bi Somoe akasema. "Ile nzito ni ya kuwatisha nyinyi. Hii ndiyo aliyozaliwa nayo."

Akajinyofoa mkononi mwa Lihame, akapiga magoti ukingoni, akaitika mbele ya watu wote, mchana kweupe. "Naam, mwanangu! Nipo! Mama yako nipo!"

Watu walizuia pumzi wakangoja atumbukie. Hakutumbukia. Kutoka chini sauti ikasema, hafifu sana, "Mama, kifua."

"Wameshakusikia, baba. Usiseme tena, tunza pumzi." Akageuka, anakaza kanga kiunoni. "Nani anashuka? Au nishuke mimi?"

Babu yangu alisema kwamba maishani mwake hakuwahi kuona haya kama saa ile. Akafunga kamba nyingine kiunoni, akashuka. Alimkuta udongo umeshafika kidevuni. Akafukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, na juu kijiji kizima kikashika kamba, wanawake kwa wanaume, na Bi Somoe yumo katikati anavuta na kuwafokea wanaovuta kwa pupa.

Alasiri wakamtoa. Wakamlaza chini, kichwa mapajani kwa mama yake, mwili mzima vumbi jekundu, hai. Bi Somoe akawa anampuliza mchanga machoni huku analia na kumgombeza, vyote pamoja. Na yule mzee mwenye ndevu nyeupe hakujikunyata wala kugeuza uso. Alitulia vilevile.

Lihame, hofu ilipompungua, ulimi ukamrudi. "Eh, fundi! Na wajukuu wako wote hao, unamlilia mama?"

Safari hii hakucheka mtu. Chande akamtazama, akasema polepole kwa sababu pumzi bado zilimpaa, "Lihame, siku zote nilimkasirikia mama kwamba haoni kuwa nimekua. Angeona nimekua, angeijua ile sauti nzito tu, kama mnavyoijua nyinyi. Na mimi ningekuwa maiti saa hizi." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mama yake, akaushika. "Mwacheni mama yangu. Mtoto kwa mamaye hakui, na asikue!"

Watu wakayachukua maneno yale, wakayapeleka vijiji vingine. Njiani mkia wake ukadondoka, kama ilivyo kwa maneno yanayosafiri sana, na dunia ikabaki na kichwa. Lakini nyinyi ni uzao wa Mchopa, nyinyi mnapaswa kuyajua yote mawili. Mtoto kwa mamaye hakui. Na asikue.