Kwa Nini Mmoja Hafumbi Macho Juu ya Mlima Ikungwe

Kaeni vizuri hapo mwambani, wanangu, na waliobaki nyuma wavute pumzi kwanza, maana mlima huu haumhurumii mtu aliyeshiba uji. Njiani mmeniuliza kwa nini wanafunzi wa shule hii wakiomba hapa juu, mmoja wao hubaki macho wazi huku wenzake wamefumba. Wengine mmedhani ni utovu wa adabu. Basi sikilizeni.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani, hapa Ikungwe, kila aliyeomba alifumba macho, na kufumbua kabla ya amina lilikuwa kosa la kusemwa mpaka muhula uishe. Mtu alishtakiwa kwa mwenyekiti wa ushirika wa wanafunzi Wakristo kwamba alichungulia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mshtaki yeye alimwonaje. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliwahi kutolewa kwaya kwa kosa hilo, na hakurudishwa. Zamani hizo pia, neno pimbi lilikuwa tusi. Ukitaka kumuudhi mtu mfupi ulimwita pimbi, kisha ukatimua mbio.

Na shule nzima hakukuwa na mfupi kama Nakiete. Alikuwa binti wa kidato cha pili, mwepesi wa miguu, na kwaya aliipenda kuliko chakula. Jina la pimbi alipewa na Eliewaha, mwenyekiti wa ushirika, kijana mrefu mwenye maombi marefu kuliko yeye mwenyewe. Jina likanata. Likaitwa bwenini, likaitwa bombani, na Nakiete alicheka mbele za watu akalia peke yake.

Jumamosi moja alipopanda kuokota kuni, akaamua akawaone hao pimbi wenyewe, ajue anafananishwa na nini. Akawakuta juu ya mwamba huu huu, wanyama wadogo wa kahawia, wanene, wasio na mkia, wakiota jua. Alitegemea kuona vituko, akaona jambo jingine. Wote walikuwa wamesinzia isipokuwa mmoja aliyekaa kwenye jiwe la juu, akigeuza kichwa huku na huku. Kivuli cha tai kilipopita, yule mmoja alipiga ukelele mkali, na kufumba na kufumbua mwamba ukawa mtupu. Wote walikuwa wameingia nyufani.

Nakiete alirudi tena na tena kuwatazama. Akaujua ule ukelele, akazijua nyufa zao, na moyoni akasema kwamba Mungu aliyewafundisha hawa kulindana amewapenda sana. Lile jina sasa likawa linamuuma kidogo tu, ingawa hakumwambia mtu.

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa. Nyasi za mlimani zilikauka zikawa zinavunjika mkononi. Mwalimu Senkondo, mlezi wa ushirika, akawapandisha wanafunzi kuja kuomba mvua. Ulikuwa msimu wa watu kuchoma mashamba, na harufu ya moshi ilikuwa jambo la kila siku, hakuna aliyeijali. Walisimama duara pale kwenye nyasi, pale mnapopaona, wakafumba macho, na Eliewaha akaanza kuomba. Alianzia kwenye uumbaji. Alikuwa bado hajafika kwa Nuhu pale Nakiete aliposikia ukelele.

Aliujua. Akabana macho zaidi, akijiambia kwamba ni tai tu. Akafikiria kwaya, akamfikiria yule msichana wa sauti ya kwanza ambaye sasa alikaa nyuma ya kanisa bila kuimba. Ukelele ukalia tena, mara hii wengi kwa pamoja, na kitu laini kikampita mguuni kwa kasi. Nakiete akafumbua macho.

Moto ulikuwa umeponyoka shambani kwa mtu. Ulikuwa unapanda mlima, upepo ukiusukuma, na njia ya kurudi shuleni ilikuwa imekwisha kumezwa na moshi.

"Moto!" akapiga kelele.

"Amina!" wakaitikia wenzake.

"Moto jamani, moto!"

"Ushushe, Bwana!" akanguruma Eliewaha, akainua mikono. "Ushushe moto wako!"

Msicheke. Hata leo, mtu akipaza sauti ya moto katikati ya maombi, nani hufikiria nyasi? Nakiete akamvuta Mwalimu Senkondo koti. Mwalimu, bila kufumbua macho, akadhani binti amezidiwa na Roho, akamwekea mkono kichwani akamwombea na yeye. Duara zima likapata nguvu mpya, na moto nao ukapata nguvu mpya.

Hapo ndipo Nakiete alipoelewa kwamba akiendelea kupiga kelele watateketea wote wakiitikia. Lipo neno moja tu linalofumbua macho ya Wakristo, lile la kufunga maombi, na neno hilo lilikuwa la mwenyekiti, si la binti wa kidato cha pili. Akavuta pumzi kama anayeanza ubeti, akaimba kwa sauti yake yote ya kwaya:

"Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu, amina!"

"Amina," wakajibu wote kwa mazoea, na macho yakafumbuka.

"Nani amefunga maombi ya—" Eliewaha akaanza kuuliza, kisha akaona.

Watu wakageuka kukimbilia njia waliyopandia, kule kule kwenye moshi. "Si huko!" Nakiete akawapigia kelele. "Wafuateni pimbi!" Wale wanyama walikuwa wanakimbilia huku juu, kwenye mwamba usioota hata jani. Wanafunzi wakawafuata, wakajibanza kwenye ule ufa mkubwa ulio nyuma yenu. Eliewaha aliwasukuma wenzake ndani mmoja mmoja, akaingia wa mwisho huku mgongo wa shati lake umeungua. Moto ukafika ukingoni mwa mwamba, ukakosa cha kula, ukapita kando.

Walipotoka wote walikuwa weusi kwa masizi, na hakuna aliyekosekana. Mwalimu Senkondo akasema wamshukuru Mungu. Akainamisha kichwa, lakini hakuna aliyefumba macho, hata yeye mwenyewe. Walikuwa wanaogopa.

"Fumbeni tu," Nakiete akasema, akapanda kwenye jiwe la juu. "Nitaangalia mimi."

Eliewaha akamsogelea. Hata pale juu ya jiwe, Nakiete alimfikia kidevuni tu. "Dada Nakiete, lile jina nilikupa kwa kukudharau. Nisamehe. Leo natamani ningeitwa mimi."

"Nimekusamehe, kaka. Na utaitwa," akajibu Nakiete. "Safari ijayo ni zamu yako. Siku hiyo na maombi yatakuwa mafupi."

Wakacheka mpaka wakatoa machozi, kisha wakafumba macho wakaomba kwa amani. Mvua ilikuja baadaye, kwa wakati wake. Yule msichana wa sauti ya kwanza alirudishwa kwaya Jumapili iliyofuata, na Eliewaha mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita.

Na tangu siku hiyo, hakuna kundi linaloomba juu ya Ikungwe bila mmoja kusimama kwenye jiwe la juu macho wazi, na huyo huitwa pimbi. Ndiyo maana katika shule hii hakuna anayenuna kwa jina hilo, na warefu huligombea kuliko wafupi.

Haya, jua linatuacha, na sisi hatujaomba. Vueni kofia, shikaneni mikono. Lakini kabla sijasema neno, nataka kusikia sauti moja kutoka kwenu: pimbi nani?