Nyumba ya Vioo ya Bi Mwanaasha

Sogeeni, na mwenye tabia ya kusinzia akae mbele nimwone.

Bi Mwanaasha wa Muheza alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Semboja alichora ramani za nyumba. Hizza alikuwa fundi mwashi, na ukuta wake haukujua kupinda. Kibibi, kitinda mimba, alijua kupamba: mpe stoo ya mkaa, atakurudishia sebule. Wakakubaliana kumjengea mama yao nyumba ya kisasa mahali pa ile ya udongo.

Semboja akaiondoa baraza ya mbele, akaweka kioo kutoka sakafuni hadi darini. Sebule ikajaa mwanga.

Hizza akazungusha ukuta mrefu wenye geti la chuma, maana mama aliwahi kuibiwa mbuzi na redio katika wiki moja.

Kibibi akatandika zulia jeupe, akapanga makochi meupe, akaweka kabati la viatu mlangoni. Mikeka ambayo mama aliisuka na majirani zake barazani kila alasiri, akaigawa.

Maharusi walikuja kupiga picha pale. "Hii nyumba au hoteli?" watu waliuliza. Watoto wakavimba vichwa, na hakuna aliyegundua kwamba majirani wa mama walikuja mara moja tu. Waliitazama miguu yao yenye vumbi, wakanywa chai wakiwa wamesimama, wakaaga.

Mwezi wa nne tangu mama ahamie, Kibibi alileta maua ya mezani, akakuta nyumba tupu. Mama alikuwa kwa mdogo wake, kwenye chumba kimoja kibovu, amekaa nje na wenzake wanasuka ukili wa mikeka.

"Mama, nyumba ina kasoro gani?"

"Haina, mwanangu. Naitazama mpaka nachoka. Mle naongea na nani?" Akakata ukili kwa meno. "Mmoja wenu akivunja chake alichokiweka mle, kwa mikono yake, nitarudi. Mmoja tu. Nitajua yupo aliyenielewa."

Kibibi aliona aibu. Mikeka ile alikuwa amempa muuza mkaa afunikie magunia.

Akawaita kaka zake, akawaeleza sharti la mama.

"Zulia linakunjwa tu," Semboja alisema. "Anza wewe."

"Nikilikunja, kaka, majirani watapita wapi na geti limefungwa?"

"Nibomoe ukuta, mama aibiwe tena?" Hizza akaruka. "Baraza aliifuta mwenye ramani!"

"Kioo kile ndicho kilichonipa jina," Semboja akajibu kwa sauti ya chini.

Kibibi alitaka kusema, "Basi, mimi." Lakini alilipenda mno zulia lake, akajizuia. Hilo linamuuma hadi leo.

Sasa masika yameanza, na chumba kile kinavuja juu ya kitanda cha mama.

Msinijibu "wote watatu". Mama alisema mmoja. Kuna aliyeondoa pa kukaa, kuna aliyeziba njia, na kuna aliyewafanya wageni waionee haya miguu yao. Je, wewe ungemwambia nani avunje chake?